Damu ya Shangazi

Kijiji cha Umoja, Nachingwea
9 Machi 1975

Dada yangu Zamzam,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Dar es Salaam. Sisi huku tunapumua, tunashukuru, ila mvua ni nyingi na barabara ya kuja huko imekatika Rufiji. Kama bado hujui kusoma, namwomba atakayekusomea asome polepole, na asisome mbele za watu.

Najua utashtuka. Miaka kumi si midogo. Shaibu, yule anayekuja huko kufuata vitenge, aliniambia amekuona Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, unauza binzari na tangawizi, na kwamba umenenepa kidogo. Nilimwuliza mara mbili kama ni wewe kweli. Akasema, "Nani mwingine ana kovu lile la paji?" Kovu lile wote tunajua limetoka wapi.

Mwaka jana tulihamishwa kule kwetu tukaletwa kijiji hiki cha ujamaa. Nyumba tumejenga upya, shule ipo, zahanati ipo. Kule tumeacha mikorosho, na makaburi ya wanangu Abbasi, Sadalla na Sofia.

Dada, ulipoondoka, mwaka uliofuata wifi yako Mwanamkuu alijifungua mtoto wa kike. Anaitwa Waridi. Huyu ndiye tuliyebaki naye. Sasa naye anaumwa kama wenzake walivyoumwa. Viganja vyeupe, macho ya njano, mifupa inamwuma mpaka anang'ata shuka. Hospitali ya wilaya wamenipa karatasi ya kumpeleka hospitali kuu ya huko kwenu. Sina mtu mwingine Dar es Salaam.

Huyu alizaliwa wewe hupo. Jambo hilo nalitazama kila siku na linaninyima raha. Watu huku wanasema ubaya hauna umbali. Mimi sijui tena niseme nini.

Mwalimu Vitalis anasafiri kwa meli kutoka Mtwara mwisho wa mwezi. Nimemkabidhi mtoto. Ukimfukuza mlangoni nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Awadhi


Mtaa wa Narung'ombe, Dar es Salaam
2 Aprili 1975

Awadhi,

Salamu. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, kwenye banda la tawi la chama, pamoja na wachukuzi na mama lishe, kwa hiyo usihofu kuwa mtu mwingine amezijua habari zako. Shikamoo yako nimeiona. Bado sijaijibu.

Barua ilifika siku nne kabla ya mtoto. Hukungoja jibu. Siku zile nne niliziweka kando kuwaza nitakavyokataa. Nikatunga maneno mazuri kabisa. Halafu Mwalimu Vitalis akabisha hodi, na nyuma yake amesimama Sofia.

Nimeandika Sofia. Nilimwona Sofia, Awadhi, na gauni lake la mabaka, kichwa kikubwa, shingo nyembamba. Nikashika mlango. Mtoto akasema, "Shikamoo shangazi, mimi Waridi. Baba amesema nisikusumbue." Ndipo nikamwona kuwa ni mwingine.

Nimempa mkeka wa pembeni ya ukuta. Usiponielewa hapa hutanielewa popote: siku tatu za kwanza sikumgusa. Chakula nilimsogezea kwa kijiti cha mwiko kama anayelisha kuku. Nilikuwa nawaza, akifia chumbani mwangu, nikifukuzwa na huku nitakimbilia wapi? Mzee Mwinyimvua mwenye nyumba ni mtu mwema, lakini wema wake sijaupima na jambo kama hili.

Nitakwambia na jingine, kwa kuwa sina wa kumwambia. Sadalla hajaniacha. Hanitokei usiku kama mizimu ya hadithi. Mchana, sokoni, katikati ya kelele za mikokoteni, nasikia anaita "Shangazi, maji." Nageuka. Wateja wamenizoea, wanadhani mimi ni mzito wa masikio. Miaka kumi anaomba maji, na mimi kila siku nabeba chupa.

Tangu Waridi aje, Sadalla amenyamaza. Hilo linaniogopesha kuliko sauti yake.

Siku ya nne mtoto alinawa mikono akaja mwenyewe kukaa karibu yangu, akaanza kunichagulia mawe kwenye binzari. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nimemshika.

Zamzam


Dar es Salaam
11 Mei 1975

Awadhi,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Mtoto yu hai. Naliandika hilo kwanza ili usiruke mistari kulitafuta. Na mimi mzima, ila mkono wa kushoto unauma kidogo, sababu yake utaisoma.

Wiki tatu zilizopita aliamka hawezi kusimama. Midomo imekuwa rangi ya majivu, moyo unapiga hadi kanga inacheza kifuani. Nikambeba mgongoni. Mtoto wa miaka tisa, na uzito wake sikuusikia mpaka hospitali, Upanga.

Daktari alimfunua kope, akatazama, akauliza, "Nani ndugu yake hapa?"

Niligeuka nyuma kutazama kama yupo mwingine. Nikasema, "Mimi shangazi yake."

"Mtoto huyu amekwisha damu, mama. Akiba tuliyonayo haitoshi. Ndugu ndio hutoa. Utatoa?"

Unajua yanayosemwa kuhusu mumiani. Usidhani ni kwenu tu. Sokoni hapa wapo watu wazima wasiokatiza mbele ya hospitali jioni. Mwenzangu mmoja wa meza ya karibu alinifuata mpaka pale benchi akanivuta kitenge: "Zamzam, ukiingia humo utatoka ngozi tupu." Nikacheka, cheko baya, watu wakanitazama. Mimi niliyepigwa jiwe kwa kunywa damu za watoto, leo naogopa kunyonywa! Nikaingia.

Walinichoma kidoleni kwanza, wakapima kama damu yangu inapatana na yake. Inapatana. Wakanilaza, wakaniwekea sindano nene, na damu ikaenda kwenye chupa ya kioo. Ilichukua muda mfupi kuliko kukuna nazi mbili. Wakanipa chai ya sukari, na sukari ilivyo adimu siku hizi. Baadaye chupa ile ile wakaitundika juu ya kitanda cha Waridi. Nilikaa nikaitazama ikimshukia, tone moja, tone jingine. Midomo yake ilianza kurudi rangi mbele ya macho yangu. Na hapo, Awadhi, mchana kweupe, nilimsikia Sadalla nyuma ya kiti. Hakuomba maji. Alikuwa anapumua tu, kama mtu anayesubiri zamu yake. Sikugeuka, maana sikuwa na chupa nyingine ya kumpa.

Pale maabara yupo binti anaitwa Scholastika, mtu wa Ndanda, alikuwa mteja wangu wa tangawizi kabla sijajua kazi yake. Kesho yake alinikuta nimekaa nje ya wodi, akasema, "Njoo, mama, uone kitu, uache kuogopa." Akanionyesha kichupa cha damu kilichoachwa kimesimama. Awadhi, damu haikuwa nyekundu yote!

"Tui la nazi ukilitelekeza linakuwaje?" akaniuliza.

"Linajitenga."

"Basi na hii ni hivyo."

Juu palikuwa na maji ya njano, kama mafuta mapya ya alizeti. Akasema hayo ndiyo yanayobeba vyote, chakula kutoka tumboni, chumvi, dawa ukinywa, na uchafu wa kwenda kutupwa kwenye mkojo. Zaidi ya nusu ya damu ni hayo maji. Chini kabisa ndipo penye wekundu, chembe ndogo mno, nyingi kuliko mchanga wa ufuko, na kazi yake ni kuchukua hewa mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Zikipungua, mtu anakosa hewa hata akiwa amekaa penye upepo. Ndiyo maana Abbasi alikuwa anahema akiwa amelala tu, unakumbuka? Tulifungua madirisha yote.

Katikati palikuwa na utando mwembamba wa kijivu, ningeupita bila kuuona. Humo zimo chembe nyeupe, zinazopigana na maradhi, na vipande vidogo zaidi, ambavyo mtu akijikata hukimbilia pale kwenye jeraha vikashikamana kuziba. Nikajigusa paji. Siku ile nakimbia, damu ilinitoka mpaka Mto Mbwemkuru, halafu ikakatika yenyewe. Niliwaza Mungu amenihurumia. Kumbe alinihurumia kwa mikono ya hivyo.

Bado hawajaniambia kwa nini za Waridi zinakwisha. Wamechukua damu yake wakaitazame kwa darubini.

Ni mimi dada yako,
Zamzam


Kijiji cha Umoja
15 Juni 1975

Dada mpendwa,

Shikamoo tena. Barua zako zote mbili nimezipata siku moja, posta ilikuwa imefungwa na mafuriko. Tunashukuru kwa afya yako na ya mtoto. Huku mahindi yamekubali kiasi, tunapata na ule unga wa njano wa msaada, ambao wazee hawautaki.

Niliposoma kwa sauti kwamba Waridi ana damu yako mwilini, Mwanamkuu aliangusha ungo. Hakulia. Alisema, "Sasa amempata mzima mzima." Tangu hapo ananisihi nimrudishe mtoto kwa meli ya kwanza. Nimekataa.

Lakini dada, sitakuficha, na mimi sikulala vizuri. Nakuandikia hili kwa aibu. Niambie ukweli, mara moja tu, na sitauliza tena mpaka nife. Chupa ile nyekundu tuliyoikuta chini ya kitanda chako, niliyoimwaga uani mbele za watu, ilikuwa nini? Mganga alisema ni ya Sofia. Mimi niliimwaga kwa mkono wangu na harufu yake sijaisahau, lakini sijawahi kujua ilikuwa harufu ya nini.

Mdogo wako,
Awadhi


Dar es Salaam
6 Julai 1975

Awadhi,

Sijambo. Mtoto hajambo, anakula, anajua tayari kuita wateja.

Barua yako niliichana. Halafu nikaokota vipande nikavipanga mezani, kwa sababu nilitaka nijibu neno kwa neno.

Ilikuwa rangi ya ukindu. Nilichemsha magome mwenyewe, na wewe ndiye uliyenichanjia kuni. Sofia alikuwa anataka mkeka wake mwenyewe, wenye mistari myekundu, kwa sababu alichoka kulalia wa kaka zake. Nilificha chupa chini ya kitanda ili asiimwage. Alikufa kabla sijausuka. Ukindu mkavu ulikuwa juu ya dari, kama mngetazama juu mngeuona. Hakuna aliyetazama juu.

Sasa sikiliza majibu ya hospitali, na ukae chini.

Scholastika alitia tone la damu ya Waridi kwenye kioo, akalifunika vizuri lisipate hewa, tukangoja. Akaniambia nichungulie. Mwanzoni nikaona viduara vingi, kama vishikizo vya shati. Kadiri vilivyokosa hewa vikaanza kujikunja, kimoja, vitatu, kisha vingi, vikawa vimepinda na ncha kali. Ilikuwa mundu, Awadhi. Mundu wa kuvunia mpunga. Nilijiondoa kwenye darubini nikamwuliza maana yake.

Chembe iliyopinda hivyo haipiti kwenye mishipa midogo. Inanasa, wenzake wanarundikana nyuma yake, na pale ndipo mfupa unapopiga kelele. Halafu inavunjika upesi. Chembe yangu mimi au yako huishi miezi minne. Za Waridi hazimalizi mwezi. Mwili unatengeneza, haufikii. Zikivunjika rangi yake inamwagika ndani, ndiyo ile njano ya macho. Hakuna anayekunywa, wala hapakuwa na mnywaji hata siku moja. Damu ya watoto wetu ilikuwa inavunjika yenyewe.

Nikamwuliza daktari imetoka wapi. Akasema mtoto huzaliwa nayo. Nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Mwenye nusu moja huishi mzima, halimi vibaya, haumwi, hajui. Mtoto akiokota nusu zote mbili ndiye huyu. Nusu moja ni ya Mwanamkuu na nusu moja ni yako. Hamkufanya kosa, wala hamkujua. Nami nilipimwa, yangu haina hata mundu mmoja.

Wamempa vidonge vya kuongeza damu, na dawa ya malaria kila wiki, na ameambiwa anywe maji mengi, asikae kwenye baridi. Daktari hakuniahidi miaka. Nilimwuliza, akatazama dirishani.

Shikamoo zako zimekuwa mbili sasa. Marahaba, Awadhi. Nimeitikia kwa sababu mtoto ananiuliza baba yake anasemaje, na nimechoka kumdanganya.

Wasomee watu barua hii.

Zamzam


Kijiji cha Umoja
20 Novemba 1975

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa miezi minne. Natumai wewe na mtoto ni wazima. Mimi mwili mzima.

Nilikaa na barua yako mfukoni mwezi mzima. Nilikwenda kule kwetu kwa miguu, nikalala njiani. Msitu umeingia hadi jikoni kwako. Nilikaa pale juani nikijaribu kukumbuka nani alitupa jiwe lililokupata. Nimekuwa nikisema sikumbuki. Nakumbuka, dada. Lilitoka mkononi mwangu. Sikuwahi kukwambia, na wewe hukuwahi kugeuka ukaona.

Niliporudi nikawasomea watu siku ya Ijumaa, baada ya swala, kama ulivyotaka. Nilidhani watasema, basi, Zamzam hana hatia. Walisema hivyo. Mzee mmoja alilia. Lakini kabla hatujatawanyika mwingine akasema, "Kumbe ni tumbo la mkewe." Jioni ile ile kisima kizima kilikuwa kinasema Mwanamkuu ana damu mbovu, ndiye aliyewala wanawe. Nusu yangu hakuna aliyeisikia. Na mimi sikuisema tena. Baba zetu wadogo walikuja wakakaa, wakaniambia nioe mwingine nipate watoto wazima. Wanawake walianza kumpisha njiani.

Nimemwandikia talaka moja. Sikuwa na hasira naye. Nilitaka wanyamaze. Aliondoka na kanga mbili, sijui kaenda wapi, kwao hajafika.

Mrudishe Waridi kama amekuchosha. Nyumba ni kubwa na kimya sasa.

Awadhi


Dar es Salaam
14 Desemba 1975

Awadhi,

Mtoto mzima. Mimi mzima.

Lile la jiwe, nilijua ni wewe. Nilikuwa nimegeuka.

Sitaki tuligawane zaidi leo, maana lipo kubwa kuliko hilo. Umefanya tena. Uliposhindwa kuubeba uchungu wako mara ya kwanza ulinitwisha mimi. Mara hii umemtwisha mama yao. Nilikuandikia nusu na nusu, kwa mkono huu uliojifunza kuandika uzeeni, na wewe ukasoma nusu.

Wifi yuko hapa. Alifika kabla ya barua yako. Nilikuwa uani nafua, Waridi akaja mbio, "Shangazi, mama yuko barabarani, amekataa kuingia." Nikatoka nimejaa povu. Amekaa ukingoni mwa mtaro ng'ambo ya barabara, mikokoteni inampita magotini, macho chini. Amekonda. Nikavuka.

Akasema, "Zamzam, sikuja kukaa. Nimekuja kumwona mtoto, nirudi."

"Urudi wapi?"

Alikung'uta vumbi kwenye kanga. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia watafute chini ya kitanda."

Nikamwambia, "Najua. Simama, utagongwa."

Hatujakumbatiana, usidhani. Siku mbili tulipishana kwenye chumba kile kama paka. Siku ya tatu aliomba nimpeleke kwa Scholastika. Akachomwa kidole, akachungulia nusu yake. Chache zilizopinda, nyingine nzima. Alichungulia muda mrefu hadi binti wa watu akachoka kusimama. Akauliza, "Na hizo za nusu nyingine alizookota mtoto, ni za nani?"

Scholastika akamwambia, "Za baba yao, mama."

Ndipo alipolia. Miaka yote hii sijawahi kusikia mtu akilia vile, hata sisi wenyewe pale makaburini.

Jana tulikuwa tunachambua mchele. Pale sokoni nilikuwa nimemsikia tena Sadalla. Sikujua nimelisema hilo kwa sauti mpaka Mwanamkuu aliponiuliza, bila kuinua kichwa, "Na wewe unamsikia anaomba maji?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi huniomba asubuhi." Tukaendelea na mchele.

Usinitumie shikamoo nyingine kwanza. Njoo upimwe, au simama mbele ya watu wale wale useme nusu iliyobaki.

Dada yako,
Zamzam


Kijiji cha Umoja
1 Februari 1976

Dada yangu,

Natumai wote watatu mnaendelea vizuri. Mimi nimeteguka kifundo, si kitu.

Nimemrejea Mwanamkuu ndani ya eda, mashahidi wawili wameandika. Mwambie, lakini mwambie pia kwamba akitaka kubaki huko nitamwacha abaki, na sitamwita mkosefu.

Ijumaa iliyopita nilisimama. Sikusoma barua, nilisema kwa mdomo. Nilianza na jiwe, kwamba nililitupa mimi. Nikasema chupa ilikuwa rangi ya mkeka wa Sofia. Kisha nikasema watoto wangu watatu walikufa kwa nusu yangu na nusu ya mama yao, na kama kuna damu mbovu kijijini hapa basi imesimama mbele yenu na ndiyo iliyowapigia hesabu za korosho miaka yote. Baba mdogo alitoka nje. Wengine walicheka. Mmoja akasema watu wa mjini wameniroga. Watu wakatawanyika, nikabaki nakunja mkeka peke yangu, na moyo wangu ulikuwa mzito kuliko wakati niliposimama.

Nikamwona Sadi, fundi wa baiskeli, hajaondoka. Unamkumbuka baba yake. Alikuwa anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Akaniuliza, "Awadhi, hao watoto wako, vidole vyao vilikuwa vinavimba wakiwa wachanga?"

Nikasema, "Vilivimba. Mikono na miguu."

"Wangu wawili wamekwenda. Huyu wa tatu vimeanza kuvimba juzi." Akatazama mlangoni. "Wamekwisha kumtaja mama yangu."

Dada, mama yake ni Bi Somoe, aliyekukanda mguu ulipovunjika utotoni. Sasa haoni vizuri.

Sadi na mkewe na mtoto watapanda meli ya tarehe kumi. Nimewapa anwani yako na jina la yule binti wa Ndanda. Bi Somoe nimemchukua, yuko kwangu, chumba cha Waridi. Tangu jana kuna vijana wanaopita mbele ya nyumba, wanakwenda wanarudi, hawana wanakokwenda. Bibi wa watu akisikia nyayo ananiuliza ni nani hao, namwambia ni wapita njia.

Nimesogeza kiti changu mlangoni. Nimekaa hapo tangu alfajiri, naandikia magotini, na sina nia ya kuondoka.

Mdogo wako,
Awadhi